Mimi Si Baba Princess

Septemba 9
Nesi wa mapafu kanipa daftari. Kasema niandike kila siku nilivyokohoa na nilivyopumua, daktari aje aone. Haya. Kikohozi: kipo. Kurasa zilizobaki nitaandika ninachotaka, maana daftari sasa ni langu na hasira ni zangu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kalamu sikuisahau. Na katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kutoa makaa mengi kwa zamu moja kunishinda mimi. Waulize waliokuwepo. Wote wamekufa. Basi itabidi uniamini mimi.

Septemba 11
Nimempeleka Princess kwenye uwanja wa mbwa. Princess ni mbwa wa Effie, na Effie ni mke wangu, tulimzika Februari ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Hilo jina sikulitoa mimi. Mimi ningemwita Nyundo. Ni jike kubwa la rangi ya matope, sikio moja limesimama na jingine limelala, kichwa kama beseni. Effie alimtazama vile vile alivyo akasema huyu ni Princess, na Effie akisema kasema.

Tangu afe, mbwa huyu hali mpaka akimbie kwanza. Na mimi kwa mapafu haya, nikifika kona ya kanisa nimekwisha. Kwa hiyo ni uwanjani tu, hakuna pengine. Wamezungushia waya, ndani mbwa wanafunguliwa kamba wakimbie watakavyo. Effie alikuwa akija hapa kila siku, mimi sikuwahi kukanyaga. Kwa nini nikanyage? Uwanja wenyewe upo juu ya shimo letu. Pale wanapokojoa mbwa wao ndipo ulipokuwa mlango wa mgodi. Chini yao nimetambaa kwa tumbo mimi.

Kuingia kuna malango mawili ya chuma, na katikati kijumba cha waya. Unaingia la kwanza, unalifunga, unamfungua mbwa kamba, ndipo unafungua la pili. Hata mtoto anaelewa. Chini mgodini tulikuwa na milango miwili ya hewa vile vile. Ukiacha yote miwili wazi, hewa inakimbia na watu wanakufa. Leo nimekuta malango yote mawili wazi. Wazi! Nimeyafunga kwa teke.

Septemba 12
Mwanamke mwenye mbwa wa nywele za kusokotana kanijia anacheka.

"Karibu! Wewe ndiye Baba Princess!"

"Mimi ni Lauchie wa Rory wa Sandy Mwekundu," nikamwambia.

"Safi. Mimi Mama Waffles. Ndimi mwenyekiti wa kamati ya uwanja."

Waffles ni mbwa. Nikamuuliza kama mtu mwenye adabu anavyouliza katika kisiwa hiki cha Cape Breton: baba yako ni nani? Maana kwetu nusu ya watu ni MacDonald na nusu iliyobaki ni MacNeil, na majina ya ubatizo ni yale yale. Usipotajwa na baba na babu, hata barua ya kodi itakwenda kwa mwingine. Yeye akacheka tena. "Baba yangu? Yupo Ontario, anacheza gofu."

Mkuja. Wote mle ni wakuja, watu wa kuja juzi. Wamenunua nyumba za wachimbaji kwa bei ya gari bovu, wamezipaka rangi ya zambarau, na sasa wananibatiza kwa jina la mbwa. Mimi si Baba Princess.

Septemba 15
Kikohozi: kama jana. Lango: wazi.

Septemba 16
Lango wazi.

Septemba 20
Mvua. Watu wachache. Kwenye benchi linalotazama malango kuna mama mmoja wa rika langu, kakaa na mbwa wake wa kuwindia sungura, masikio marefu, mzee. Mbwa huyo habweki, analia kama king'ora cha mgodini, unaweza kumsikia mpaka bandarini. Wanamwita Mama Pickles. Kavaa koti zuri la sufu. Koti lile halikununuliwa mji huu, nikasema moyoni, huyu naye mkuja.

"Pole na Effie," akasema.

"Asante."

Sikumuuliza baba yake. Nimechoka kuuliza na kuchekwa. Lakini anajua kusikiliza, hilo namsifu, basi nikamweleza mambo ya maana. Nikamweleza mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1925, kampuni ilivyokata maji na mkopo dukani, watoto wakala magugu ya dandelioni. Nikamweleza babu yangu Sandy Mwekundu alisimama mstari wa mbele. Na yule Neilie Mdogo, panya yule, alipita katikati ya polisi akaenda kazini. Babu yangu akatema mate mbele ya viatu vyake. Na sisi tumetema tangu siku hiyo. Baba yangu hakukaa benchi moja kanisani na ukoo ule, na mimi sijakaa, na nikipita mbele ya nyumba waliyokuwa wakiishi mpaka leo natema.

Mama Pickles akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni. "Baridi imeanza," akasema, akaondoka. Wakuja hawaijui baridi.

Oktoba 1
Kuna kijana mpya, ndevu kama kazichora kwa rula, na kimbwa cheupe kilichovaa sweta. Cosmo. Yeye basi ni Baba Cosmo. Kaingia anatazama simu, lango la kwanza kaliacha likipigwapigwa na upepo, la pili kalisukuma kwa makalio.

"Wewe! Lango!"

"Tulia, mzee."

"Ningetulia mimi mgodini ungekuwa huna umeme wa kuchajia hiyo simu."

"Kwani hili ni mgodi?"

"Ndiyo! Umesimama juu yake!"

Akanitazama kama ninaumwa. Mama Waffles akaja na sauti ya mwalimu wa chekechea. "Jamani, uwanja huu ni wa amani."

Kikohozi: kibaya, na wamekisababisha wao.

Oktoba 4
Lango wazi. Yule yule.

Oktoba 9
Mama Pickles kaleta biskuti za oti katika karatasi ya bati. Kama za Effie kabisa, chumvi ile ile, zinavunjika vile vile. Nimekula nne. Wakuja wakikaa sana nao hujifunza.

Oktoba 12
Princess kakimbia, kala, kalala. Hakuna kingine.

Oktoba 19
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Upepo wa kutoka baharini leo ulikuwa unabeba mapipa. Nilikuwa upande wa mbali, nimeegemea nguzo natafuta pumzi, mgongo kwa malango. Nikasikia chuma kinagonga, kisha kilio cha kimbwa kile, kilio cha juu kabisa. Nikageuka. Cosmo yupo chini, sikio limechanika, damu juu ya sweta. Na Princess yupo juu yake, mdomo mwekundu.

Watu wakakimbia. Baba Cosmo, simu bado mkononi, anapiga kelele, "Kamuuma! Jitu hili limemuuma!" Akataka kumpiga Princess teke. Nikamwambia mguu ukigusa mbwa wa Effie, mguu hautarudi nyumbani. Princess hakubweka. Alikuwa ananitazama na ulimi nje, kama mbwa aliyekuwa anafanya kazi yake.

"Alikuwa anamlamba," nikasema.

"Damu hiyo mdomoni ni nini, jamu?"

Wote wakaangalia mdomo. Mdomo ukatosha. Wakuja wakiona damu hawaulizi imetoka wapi.

Mimi sikuona. Na hilo ndilo linalonichoma. Mgodini nilikuwa nasikia mwamba kabla haujapasuka, leo nimegeuza mgongo. Mbele ya malango kabisa alikuwa ameketi mtu mmoja tu, Mama Pickles. Nilipomtafuta kwa macho, benchi lilikuwa tupu.

Oktoba 20
Mama Waffles kaja mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia, na sikumkaribisha.

"Baba Princess, kamati itakaa Jumapili ya tarehe tatu Novemba, ukumbi wa zimamoto. Usijisikie vibaya, ni utaratibu."

"Utaratibu wa kufanya nini?"

"Ikithibitika, Princess hataingia tena. Na tutalazimika kupeleka jina lake kwa mji. Atavaa kizibo cha mdomo maisha yake yote, na atakaa kwenye kamba."

"Mbwa huyu asipokimbia hali."

"Naelewa."

"Huelewi. Asipokula atakufa."

Akashika moyo wake kwa mkono. Wakuja wana mikono ya kushika moyo. Nikamwambia yupo mtu aliyeona, Mama Pickles. Aje aseme.

"Hajaonekana tangu siku ile."

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

"Jina lake nani?"

"Mama Pickles."

"Jina lake! Alilobatizwa!"

Akafikiri kweli kweli, paji likakunjamana. "Unajua," akasema, "sijawahi kuuliza."

Nimeufunga mlango. Miaka yote wanakaa naye, wanajua mbwa wake ana mawe kwenye figo na anaogopa radi, na jina la mtu hawalijui! Watu gani hawa?

Oktoba 22
Nimeuliza uwanja mzima. Mama Pickles, Mama Pickles, Mama Pickles. Hakuna ajuaye zaidi.

Na mimi sijui. Mimi ninayemuuliza hata padri mgeni baba yake ni nani. Nimemlisha mwanamke yule maneno mwezi mzima na kula biskuti zake, sikumuuliza. Basi na hasira hii ina kipande changu. Kidogo.

Oktoba 23
Mvua. Princess kagusa chakula kwa pua, kaondoka. Nimemzuia asiende uwanjani wasije wakamtupia mawe. Kikohozi: sijali.

Oktoba 26
Nimempata. Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Nimechukua pikapu, nikampandisha Princess mbele, nikashusha kioo, nikapita mtaa kwa mtaa nikiita kwa sauti yote iliyobaki kifuani, mbwa wake aitikie: "Pickles! Pickles!" Sasa jina hilo kwetu ni la achari ya matango. Mtaa wa kanisani akatoka mama na aproni, "Chupa bei gani, baba?" Mwingine akaniambia anataka zile za bizari. Mtu mmoja dukani akasema, "Maskini Lauchie, tangu Effie aende." Nikamwambia maskini ni mama yake.

Nikafika barabara ya juu, ile ninayotemaga mate. Nikaita. Na kutoka ndani ya nyumba, kikalia king'ora.

Ni nyumba ya Neilie Mdogo.

Nilidhani Mama Pickles kaipanga tu, kama mkuja yeyote. Nilikaa ndani ya gari nikijipa maneno hayo. Mlango ukafunguka, akasimama na shali mabegani, Pickles miguuni analia.

"Umechelewa, Lauchie wa Rory wa Sandy Mwekundu," akasema. "Nilidhani utakuja jana."

"Unanijua?"

"Nani asiyekujua? Unajitangaza kila siku."

"Na wewe ni nani? Baba yako ni nani?"

"Ndiyo, sasa umeuliza." Akanyoosha mgongo. "Mimi ni Morag wa Neil wa Neilie Mdogo. Nimekaa Boston miaka thelathini, nikarudi kumuuguza baba. Koti ni la Boston."

Nilikuwa na mate mdomoni. Niliyameza, kwa sababu Princess alikuwa ananiangalia.

"Effie alijua?"

"Effie na mimi tumekaa benchi lile tangu waya unafungwa. Siku ya kwanza aliniuliza baba yangu, nikamwambia. Akasema, 'Sogea kidogo, nami nikae.'"

"Hakuniambia."

"Ungemwacha aje?"

Akaendelea, hana huruma mwanamke huyu. "Na zile biskuti unazosifu, si za Effie. Ni za bibi yangu. Mke wa panya. Nilimfundisha mimi."

Kwa hiyo miaka yote hii nimekula biskuti za mvunja mgomo, nikazisifia mbele ya watu. Effie, ukinisikia huko uliko, nina hasira na wewe.

"Babu yako alipita mstari," nikasema.

"Alipita. Mtoto wake mdogo alikuwa anakufa kwa homa, alitaka pesa ya daktari. Mtoto alikufa vile vile. Kwenu hilo halikusimuliwa, eh?"

Halikusimuliwa. Lakini watoto wengi walikufa mwaka ule, na baba zao hawakupita. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ni kweli." Ni mara ya kwanza mtu wa ukoo ule kuniambia ni kweli.

"Uliona nini tarehe kumi na tisa?"

"Niliona vyote."

"Utasema?"

"Nitasema. Lakini sitasimama ukumbini niitwe mama wa mbwa. Utanitaja wewe. Jina langu, la baba na la babu. Umesimama, kofia mkononi. Na hutatema."

"Kamwe."

"Basi nunua kizibo cha mdomo. Dukani wanavyo vya rangi."

Kafunga mlango. Na mimi nimeondoka sikutema, lakini ni kwa sababu koo lilikauka.

Oktoba 28
Kamwe.

Oktoba 29
Princess hajala. Nimemkaangia soseji, nimemkalia chini sakafuni na mapafu haya. Amelaza kichwa chake kile cha beseni juu ya kandambili za Effie.

Oktoba 30
Morag. Jina la kawaida tu. Mgodini tulikuwa na farasi anaitwa Morag.

Oktoba 31
Watoto wamekuja na vinyago kuomba peremende. Mmoja kavaa kama mchimba makaa, kajipaka masizi usoni. Nikamuuliza babu yake alichimba shimo lipi, akasema hajui babu yake alifanya kazi gani. Nimempa peremende zote. Nimekaa gizani mlangoni nimekasirika, sijui na nani.

Novemba 3
Ukumbi wa zimamoto. Viti vya kukunja, birika kubwa la chai, na nyuma wazee wetu watatu wa zimamoto wanaopika chai kwa kila mkutano, Francis wa Joe Pipa na wenzake. Kamati mbele. Baba Cosmo na Cosmo mapajani, sikio limefungwa bendeji kama kijibibi kilichotoka hospitali. Princess nimemfunga kamba fupi mguuni mwangu. Nje theluji ya kwanza.

Baba Cosmo kasema yake. Damu, mdomo, jitu. Wengine watatu wakasema waliona mdomo. Mama Waffles akauliza kuna mwingine? Mlango ukafunguka, akaingia yeye na koti la Boston, theluji mabegani.

"Ah, Mama Pickles! Karibu useme."

Hakusema. Akasimama pale katikati, ananitazama mimi. Pickles akakaa.

Nikasimama. Nikavua kofia. Kikohozi kikaja, kibaya, nikashika kiti, na watu wakadhani naomba maji. Nikapungia maji mkono. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya kutoka chini kabisa:

"Huyu si mama wa mbwa. Huyu ni Morag wa Neil wa Neilie Mdogo. Na mimi, Lauchie wa Rory wa Sandy Mwekundu, nawaambia msikilizeni."

Nyuma kijiko kikaanguka. Francis wa Joe Pipa alisimama na sukari mkononi, mdomo wazi. Wakuja hawakuelewa kitu. Mmoja kasema, "Jina zuri." Lakini wale watatu wa chai walielewa, na kesho mji mzima utaelewa, na Sandy Mwekundu kaburini keshaelewa.

Morag akasema maneno machache, kama anavyosema. Alikuwa benchini, uso kwa malango. Kijana alikuja anaongea na simu. Lango la kwanza hakulifunga. Akafungua la pili, malango yote mawili yakawa wazi pamoja, upepo ukapita kama bomba. Lango la kwanza likajipiga, komeo likashuka juu ya sikio la Cosmo aliyekuwa bado nyuma ya miguu yake. Princess alitoka mbali, akaja mbio baada ya kilio, akalala chini, akalamba.

"Na kwa nini hukusema siku ile?" Baba Cosmo akauliza.

"Siku ile hakuna aliyeniuliza. Na nilikuwa na hasira zangu na mwenye mbwa." Akamgeukia. "Wewe kijana, uliona meno? Uliona kwa macho yako mwenyewe?"

Akatazama chini. Cosmo akamlamba kidevu. "Nilikuwa kwenye simu," akasema. "Nilisikia tu."

Kamati wakanong'onezana kama mapadri. Princess anabaki. Lango litawekewa springi ili lijifunge taratibu lenyewe. Mama Waffles akashika moyo. Baba Cosmo akaja, akanyoosha mkono, "Samahani, Baba Princess." Nikampa mkono nikaubana vizuri, mkono wa mgodini, mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

Mlangoni Morag akaniambia, "Ulikohoa ili uchelewe."

"Nilikohoa kwa sababu naumwa, mwanamke we."

"Umelitamka vibaya jina la baba."

"Nimelitamka vizuri kuliko alivyostahili babu yako."

"Ni kweli," akasema. Anapenda kusema ni kweli, inaniudhi.

Princess kala usiku huu. Bakuli zima.

Novemba 4
Francis wa Joe Pipa kanipita posta bila salamu. Nikamwita kwa nguvu mbele ya watu: "Francis! Ulimwaga sukari yote au ilibaki?" Hakugeuka. Basi. Babu yangu alikuwa jasiri mbele ya polisi wenye farasi. Mbele ya Francis mimi siwezi kushindwa.

Novemba 8
Nimepita barabara ya juu kwa gari. Sikutema. Kulikuwa na baridi, mate yangeganda.

Novemba 12
Theluji mpaka vifundoni. Springi wameweka, ni mbovu, nitawatengenezea mwenyewe maana hakuna anayejua chuma kama mimi. Princess kakimbia kama ndama. Nimekaa benchini, upande mmoja mimi, upande mwingine yeye, katikati biskuti. Tumegombana kuhusu mwaka ishirini na tano mpaka pua zikawa nyekundu. Bado hajanishinda.

Kaja msichana mgeni na kitoto cha mbwa, bado kinanuka maziwa. Kasimama baina ya malango, kaniuliza kupitia waya, "Babu, yule bibi aliye karibu na wewe ni nani?"

"Yule ni Morag wa Neil wa Neilie Mdogo."

"Hapana, namaanisha mbwa wake anaitwaje?"

"Mbwa muulize mwenyewe," nikamwambia. "Na ufunge lango."

Kikohozi: kidogo.